Nilishaizoea boti, mbona hofu imerudi baada ya miezi minne?

Swali: Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Unguja lakini kwetu Pemba. Mwaka jana mwezi wa saba mimi na watoto wangu tulikuwa tunakwenda Mkoani, Pemba, kwa boti. Tulipofika mkondo wa Nungwi bahari ikachafuka vibaya, mawimbi yanapiga vioo, watu wanatapika, wengine wanasoma kalima kwa sauti. Tulifika salama, ila tokea siku ile nikawa siwezi hata kukaribia bandari. Nilipata mshauri nasaha tukaanza kidogo kidogo: kwanza kwenda bandarini tu, kisha kukaa ndani ya boti iliyofunga gatini, kisha safari fupi, kila mara yeye au kaka yangu yuko pembeni. Hiyo ilikuwa Novemba hadi Machi, bahari siku nyingi shwari. Nikapona kabisa, na Machi nikaenda Pemba na kaka yangu bila tabu yoyote. Sikusafiri tena mpaka mwezi huu wa saba, nilipopata msiba nikapanda mimi na watoto peke yetu. Boti ilipoanza kulala upande tu, kila kitu kikarudi kama siku ile. Unguja nimerudi kwa ndege. Je, tiba yote ilikuwa bure? Nianze upya? Jirani ananishauri niwe nameza kidonge cha kutuliza kabla ya safari. Na je, ningepandishwa boti siku ya pili yake tu, kama wazee wanavyosema, hofu isingejijenga?

Jibu: Waalaykum salaam dada yangu. Pole sana kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu.

Nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Tiba yako haikuwa bure, na huanzi upya. Kilichokupata mwezi huu tunakiita kurudi kwa hofu, na huwapata watu wengi waliotibiwa vizuri na washauri wanaoijua kazi yao. Ulitibiwa katika kaskazi, msimu wa bahari shwari, ukiwa na mtu pembeni, ukakaa miezi minne bila kusafiri, kisha ukapanda katika kusi, msimu wa mawimbi, bila mtu mzima mwenzio, moyo ukiwa umejaa majonzi. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuirudisha hofu hata kikiwa peke yake. Wewe umevipata vyote siku moja.

Jambo la kulielewa kabla ya yote ni kwamba mtu anapozoeshwa kitu anachokiogopa mpaka hofu ikaisha, ile hofu ya mwanzo haifutiki kichwani. Inabaki pale pale. Kinachotokea ni kwamba ubongo unajifunza somo la pili, linalopingana na la kwanza. Somo la kwanza linasema: boti ikitikisika, tunakufa. La pili linasema: boti ikitikisika, tunafika. Kuanzia hapo mtikisiko wa boti unakuwa na maana mbili, na ubongo unalazimika kuchagua ipi itumike leo. Swali lako lote limo humo: ubongo unachagua kwa kutazama nini?

Wa kwanza kuliona hili kwa ushahidi wa maabara ni Ivan Pavlov, yule Mrusi wa mbwa na mate. Aliona kwamba mbwa aliyezoea kutoa mate kwa ishara fulani huacha ukiirudia ishara hiyo mara nyingi bila chakula. Lakini ukimpumzisha kisha ukairudia ishara, mate yanatoka tena, bila mtu kumfundisha upya. Pavlov akahitimisha kwamba kilichofunzwa hakikuwa kimeharibiwa, kilikuwa kimezuiwa tu.

Kuna kisa chake kingine ambacho nikisoma barua kama yako hunijia moja kwa moja. Septemba 1924 mto Neva ulifurika mjini Leningrad, ambao leo ni St. Petersburg, Urusi, na maji yakaingia hadi kwenye mabanda ya mbwa wake. Mbwa waliokolewa kwa shida, wakaogeleshwa hadi mahali pa usalama katikati ya kishindo cha dhoruba. Baadhi yao walibadilika kabisa. Mambo waliyofunzwa kwa muda mrefu yakatoweka au yakavurugika. Pavlov na wenzake wakawarejesha taratibu, mpaka mbwa wakaonekana wamepona. Kisha wakajaribu kupitisha mkondo mdogo tu wa maji chini ya mlango wa chumba cha majaribio. Mbwa akavurugika tena kama siku za baada ya mafuriko. Hapakuwa na dhoruba wala hatari, ni maji kidogo sakafuni. Wewe ulihitaji boti ilale upande kidogo tu.

Sasa tuje kwenye mahali, maana hapa ndipo penye uzito wa jibu langu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Mark Bouton, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, amekuwa akiuliza swali moja kwa njia nyingi. Panya anafunzwa ndani ya kisanduku cha kwanza kwamba mlio fulani unafuatiwa na shoti ndogo ya umeme. Anauogopa mlio. Kisha anahamishiwa kisanduku cha pili, chenye harufu nyingine na sakafu nyingine, anasikilizishwa mlio mara nyingi bila shoti mpaka hofu inaisha. Ukimrudisha kisanduku cha kwanza na kuupiga mlio, hofu inarudi. Ukimpeleka kisanduku cha tatu ambacho hajawahi kukiona, inarudi pia, ingawa kwa kawaida kwa nguvu ndogo zaidi. Na hata kama alifunzwa hofu na kuzoeshwa ndani ya kisanduku kile kile, ukimhamisha kwingine inaweza kurudi, japo hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote.

Tazama kinachojitokeza. Hofu inasafiri. Usalama haupendi kusafiri. Chukulia mashahidi wawili mbele ya hakimu: wa kwanza hutoa ushahidi wake popote atakapoitwa, wa pili huzungumza tu akiwa mahali alipoliona tukio. Kesi ikihamishiwa mji mwingine, hakimu atasikia upande mmoja. Mimi sioni kasoro ya maumbile hapo. Kiumbe kilichoumwa na nyoka kwenye shamba moja kinafaa kuogopa nyoka kwenye mashamba yote, ila kikikuta nyoka mmoja asiye na sumu kisiamini kwamba wote wako hivyo. Aliyekosea kwa kuogopa mno alibaki hai. Gharama ya urithi huo ndiyo hiyo unayoilipa wewe baharini.

Mazingira haya ambamo somo linafunzwa tunayaita muktadha, na muktadha ni mpana kuliko mahali. Mtu ukimwambia muktadha, anafikiria chumba au jengo. Kwako wewe muktadha wa usalama ulikuwa na mambo mengi yaliyoshikana: upepo wa kaskazi, maji yaliyotulia, kaka yako kiti cha jirani, pengine mshauri aliyekuwa akikusemesha, mwili uliolala vizuri usiku. Ubongo wako uliviandika vyote pamoja na somo. Mwezi wa saba kimoja baada ya kingine hakikuwepo, na badala yake vikaja vile vya mwaka jana: kusi, watoto mapajani, mkondo ule ule. Umerudishwa kwenye kisanduku cha kwanza, dada yangu.

Hili limepimwa kwa watu pia. Susan Mineka na wenzake, mwaka 1999, waliwatibu watu wenye hofu kali ya buibui kisha wakawapima tena baadaye. Waliopimwa katika mazingira tofauti na yale ya tiba walirudiwa na hofu zaidi kuliko waliopimwa mahali walipotibiwa. Mmoja wa watafiti hao, Jayson Mystkowski, akaja kuonyesha mwaka 2003 kwamba hata hali ya ndani ya mwili inahesabika. Waliotibiwa wakiwa na kafeini mwilini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa, wakapimwa bila kafeini, au kinyume chake, walirudiwa na hofu zaidi kuliko ambao hali yao ilikuwa ile ile mara zote mbili.

Hapo hapo nikujibu kuhusu kidonge cha jirani. Mwaka 1990 Bouton na wenzake waliwazoesha panya mlio wa kutisha huku wakiwa wamepewa dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu. Panya walipopimwa bila dawa, hofu ilirudi. Somo la usalama lilikuwa limejifunga na dawa. Kwa hiyo ukijizoesha boti kwa kidonge, unaweza kujikuta umejifunza kwamba boti ni salama ukiwa umemeza, na siku kidonge hakipo hofu ipo. Zaidi ya hapo, dawa hizo huleta uraibu na usingizi, na wewe una watoto wa kuangalia ndani ya chombo. Usimeze kidonge cha jirani. Kama kuna dawa uliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya jambo jingine, usiiache ghafla kwa sababu ya maneno yangu, zungumza naye. Dawa ya kichefuchefu cha bahari ni suala tofauti na haina ubaya kwa anayeihitaji, ila muulize mfamasia kuhusu usingizi.

Sasa muda. Miezi minne bila safari imekugharimu zaidi ya unavyodhani. Gregory Quirk, katika utafiti wake wa mwaka 2002, aliwafifishia panya hofu kisha akawaacha kwa vipindi mbalimbali bila kufanya lolote. Kadiri siku zilivyopita hofu ilirudi yenyewe, na kufikia siku ya 10 ilikuwa imerudi yote. Siku za panya si siku za binadamu, kwa hiyo usihesabu za kwako kwa kipimo hicho. Ninachotaka ukione ni sehemu ya pili ya utafiti ule: panya hao hao walipozoeshwa tena, hofu iliisha haraka zaidi kuliko mara ya kwanza. Somo la usalama lilikuwa bado limo ndani, limelala tu. Ndiyo maana nimekuambia huanzi upya. Safari zako za Novemba hadi Machi bado ni mali yako.

Kwa nini hofu irudi kwa kukaa tu? Bouton anaeleza kwamba muda nao ni muktadha. Siku zikisogea, mazingira ya ndani na ya nje yanabadilika, na somo la pili, ambalo lilifungwa na kipindi chake, linazidi kuachwa nyuma. Maelezo haya ninayakubali, na kwako yanaonekana wazi kuliko kwa mtu wa bara, kwa sababu kwetu pwani kalenda ya bahari inageuka kweli: kati ya Machi na Julai upepo umehama upande.

Kuna njia ya tatu ya hofu kurudi. Robert Rescorla na Donald Heth walionyesha mwaka 1975 kwamba baada ya hofu ya mlio kufifishwa, shoti moja ikija yenyewe bila mlio wowote, mlio unaanza kutisha tena. Kwa binadamu maana yake ni kwamba pigo jipya linaweza kuamsha hofu ya zamani hata kama wewe huoni uhusiano wake. Siwezi kusema kwamba msiba ndio ulioiamsha yako. Lakini uliingia botini ukiwa tayari umebeba kitu kizito, na usijilaumu kwamba hukuwa na nguvu zile za Machi.

Swali la wazee, kwamba mtu apandishwe tena mara moja kabla hofu haijakaa, ni zuri kuliko linavyoonekana, na sayansi imeligombania kweli kweli. Mwaka 2006 Stephen Maren na mwenzake Chang waliwafunza panya hofu, kisha wakajaribu kuififisha dakika 15 baadaye. Hofu ilipungua pale pale, lakini kesho yake ikarudi kana kwamba hakuna kilichofanyika. Waliosubiri siku nzima ndipo wakaanza walipata matokeo ya kudumu zaidi. Maelezo yao ni kwamba mwili ukiwa bado umetaharuki, somo la usalama halikamatiki. Mwaka huo huo maabara nyingine, kwa kipimo tofauti cha hofu, iliona kinyume: panya waliozoeshwa dakika 10 baada ya tukio hofu haikuwarudia, na waliosubiri saa 72 iliwarudia. Matokeo yote mawili ni ya watafiti makini. Nikipima yote pamoja na ninayoyaona kwa wagonjwa, msimamo wangu ni huu: saa na siku za mwanzo ni za kumpa mtu maji, usingizi, na watu wake karibu. Hata Shirika la Afya Duniani linashauri waathirika wasilazimishwe kulisimulia tukio kwa kina mara tu baada ya kutokea. Ukishatulia, baada ya siku kadhaa au wiki chache, anza kukikaribia unachokiogopa. Usikimbizwe, ila usikae mwaka. Kumpandisha mama anayetetemeka kwenye boti ile ile jioni yake, kwa kumvuta mkono, ni ukatili wenye nia njema.

Utasikia pia kuhusu njia za kufuta kabisa hofu. Mwaka 2000 watafiti wa New York walionyesha kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa huwa legevu kwa muda kabla ya kujikaza tena, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba binadamu akikumbushwa hofu dakika 10 kabla ya kuzoeshwa, hofu hairudi. Dunia ilifurahi. Waliojaribu kurudia matokeo hayo, wengi wao hawakuyapata. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia kikao kimoja cha kufuta kumbukumbu, mkwepe.

Basi tufanye nini? Kazi yako sasa ni kulitoa somo la usalama kwenye kisanduku lilikofungwa.

Rudi kwa mshauri wako, mwambie yaliyotokea, na panga naye safari zinazotofautiana kwa makusudi. Mara ya kwanza mwenzako awepo, hilo halina aibu. Inayofuata awepo lakini akae sehemu nyingine ya boti. Inayofuata akusubiri bandarini. Badilisha saa za safari, badilisha chombo, kaa chini na kaa juu, nenda na watoto na nenda bila wao. Muhimu kuliko yote, safiri katika kusi. Kujizoesha bahari shwari peke yake kunakufundisha kwamba bahari shwari ni salama, jambo ambalo hukuwa na shaka nalo. Lakini soma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na siku vyombo vilipozuiwa au nahodha akiahirisha, baki nyumbani. Hofu ya siku hiyo ni akili timamu, na sitaki uitibu.

Kabla ya kila safari, andika unachotarajia kitatokea, kwa maneno makali kama yanavyokujia: nitazimia, nitawaachia watoto, boti itapinduka tukifika mkondoni. Ukishuka, andika kilichotokea. Michelle Craske na wenzake, walioeleza njia hii kwa wataalamu mwaka 2014, wanasema kinachofundisha ni umbali kati ya ulichotarajia na ulichokiona. Usipoteze nguvu kuhakikisha unakuwa mtulivu. Unaweza kufika Mkoani ukiwa umeogopa njia nzima, na safari hiyo ikawa imekufundisha zaidi kuliko ile ya Machi uliyokwenda bila tabu.

Ukiwa kwenye foleni ya kupanda, ikumbuke kwa undani safari iliyokwenda vizuri: ulikaa wapi, ulivaa nini, kaka yako alisema nini, harufu gani, mwanga gani. Watu wa tiba ya buibui walioombwa kukumbuka hivyo mazingira walikotibiwa, kabla ya kupimwa mahali pageni, walirudiwa na hofu ndogo kuliko ya wengine. Unamwita shahidi wa pili azungumze mbali na kwao. Lakini kumbukumbu iwe ya kuamsha somo tu. Ikigeuka kuwa kitu ambacho bila hicho huwezi kupanda, tumekosea.

Kisha tanua nafasi kati ya safari. Anza na zinazofuatana kwa karibu, halafu wiki mbili, halafu mwezi, halafu miezi miwili. Utafiti mmoja wa Craske wa mwaka 1998 uliona kwamba nafasi zinazopanuka ziliilinda tiba kuliko vikao vilivyosongamana. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, ila kwa mtu ambaye hofu yake ilirudi baada ya ukimya mrefu, mimi ningeifuata. Na uwe na angalau safari moja katika kila msimu wa upepo, hata kama huna shughuli.

Kama arubaini ya marehemu inasomwa Pemba, safari hiyo ifanye ya kwanza, ukiwa na kaka yako. Uende ukijua kwamba hofu inaweza kuja na kwamba ikija haimaanishi umerudi mwanzo.

Ukiona unaota ndoto za ajali usiku baada ya usiku, au tukio linakurudia ukiwa macho kana kwamba linatokea sasa, au umeanza kushindwa kazi za nyumbani, usisubiri safari. Nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali iliyo karibu ukafanyiwe uchunguzi kamili, kwa sababu hilo ni zito kuliko hofu ya boti na lina tiba yake.

Hukuniuliza kuhusu watoto, lakini walikuwa mapajani mwako safari zote mbili. Mtoto hujifunza hofu kwa kutazama uso wa mama kuliko kwa kutazama bahari. Waulize wanakumbuka nini, waache waseme, na uwajibu kweli: mama aliogopa, boti ilitikisika, tukafika. Kisha wapange nao katika safari za baadaye, siku za mawimbi madogo kwanza, ili nao wapate somo lao la pili mapema.